Kwa Mwanahawa, Uliyejifunza Kusema Mbele ya Simu

Mwanangu mpendwa Mwanahawa,

Huku Chanika ya Handeni tumeamka salama. Baba yako mzima, mimi mzima, kuku wazima isipokuwa yule jogoo mkorofi aliyekuwa akikukimbiza, huyo tulimla Ijumaa. Maziwa yanakuja kila asubuhi, kwa hiyo ujue na ng'ombe wa akina Mama Naserian hawajambo. Wewe huko Dodoma ndiye nisiye na uhakika naye. Kwenye simu unasema "mzima, mama," lakini wewe ulikuwa ukisema mzima hata malaria imekupanda kichwani.

Juzi uliponipigia uliniuliza jambo nikalikwepa. Uliniambia wakubwa wa kampuni wanataka ukisimamie kile kitengo cha wateja, na kwamba kati ya watakaokuwa chini yako wamo baba za watu, mmoja ana mvi kumshinda baba yako. Ukasema, "Mama, nitamwambiaje mtu mzima kama yule kwamba hapa umekosea? Si bora nikatae tu?" Mimi nikakuuliza kama umekula. Ukacheka, ukasema umekula wali maharage, tukaagana.

Tangu hapo sijatulia. Nikichuja maziwa nakuona, nikifunga mlango nakuona. Wanataka jibu lako wiki hii na mimi mama yako nimekujibu kwa wali maharage! Simu hunifanya niropoke, mwanangu. Kalamu hunituliza. Naandika polepole, unajua niliishia darasa la nne, lakini karatasi haina bando la kuisha katikati ya maneno. Mama mdogo wako Salma ataipiga picha barua hii akutumie. Anasema pia ataisoma kwenye kikundi chao cha kina mama kule Kilole, maana nao wana mabinti vyuoni. Nimemwambia asome. Hakuna la aibu humu. Labda lile langu la siku ile, na lile Korogwe nzima wanalijua.

Kabla sijakujibu, nataka tukumbuke kwanza.

Unakumbuka likizo ile ndefu ya mwaka wa pili wa chuo? Ulikaa kwenye kigoda unanishikia chujio, ukaniambia, "Mama, cheti peke yake hakitoshi. Wenye vyeti tuko wengi." Moyo wangu ulishtuka. Mjomba wako Rajabu alipomaliza chuo, enzi zile, serikali ilimpangia kazi hata kabla hajafua nguo za mahafali. Mimi nilidhani na wewe ukishavaa joho basi, tumevuka. Ukanieleza kwamba siku hizi ni soko huria, makampuni ni ya watu, na mwenye kampuni anataka mtu anayeweza kazi tangu siku ya kwanza. Nikauliza, "Sasa kazi utaijulia wapi na hawajakupa kazi?" Ukasema, "Ndiyo maana nimejiandikisha masomo ya mtandaoni."

Chuo kilikuwa kimeyaweka kwa ajili ya likizo. Kuzungumza na mteja, kuandika barua ya kuomba kazi, kupanga hesabu kwenye kompyuta, kufanya kazi na wenzako ambao hamjawahi kuonana. Kundi lako lilikuwa na binti wa Mbeya na kijana wa Lindi, mkawa mnagombana na kupatana kila siku kama ndugu wa tumbo moja. Mwisho wa masomo kila mmoja angejitokeza kwa video mbele ya watu wa makampuni, aeleze angeisaidiaje biashara moja ya kweli. Watakaofanya vizuri wangepata nafasi ya kwenda kujifunzia kazi kwenye kampuni. Uliniambia ukiikosa nafasi ile hujui utaanzia wapi. Hukuisema kwa kulia, uliisema huku unasuuza chujio, na hivyo ndivyo ilivyoniuma zaidi.

Mtandao ulishika kona moja tu ya uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Ukahamia hapo. Mimi nikawa napita na ndoo zangu nikijifanya nina shughuli, kumbe nasikiliza. Na kila siku namsikia yule madamu wenu ndani ya simu: "Mwanahawa, hatukusikii. Mwanahawa, inua macho, tazama kamera. Mwanahawa, sauti!"

Mimi nikadhani simu ni mbovu. Nikaichukua ukiwa umeenda kuoga, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikaipuliza kila tundu, nikaianika juani kidogo kama mtu anavyoanika betri za redio. Ulipotoka ukapiga ukelele, "Mama! Simu haianikwi!" Mwanangu, siku ile hata madamu angekusikia.

Aliyeliona jambo lenyewe alikuwa Mama Naserian. Alikuja na madumu yake ya maziwa asubuhi moja, amevaa shanga zake zote maana alikuwa anapitiliza mnadani, akakukuta unafanya mazoezi. Ulikuwa umeielekea kamba ya nguo, unasema kwa kasauti ka sindano, "Habari za asubuhi. Naitwa Mwanahawa. Karibuni."

Mama Naserian akaitikia, "Nzuri, mwanangu." Wewe hukugeuka. Akasubiri. Akanigeukia.

"Mama Mwanahawa, huyu mtoto ananisalimia mimi au anasalimia suruali ya baba yake?"

"Anasalimia watu wa kampuni."

"Wako wapi?"

"Bado hawajaja."

"Basi wakija wataondoka," akasema. "Hawatajua kama mtu amewasalimia."

Akaligeuza dumu tupu, akalikalia mbele yako, akaipanga rubega yake, akasema, "Haya, mimi ndiye kampuni. Nisalimie." Wewe ukapiga goti kidogo, macho yakashuka hadi kwenye viatu vyake vya tairi, sauti ikashuka nayo. "Shikamoo, mama." Vizuri kabisa, kama nilivyokufundisha. Mama Naserian akanigeukia, akasema, "Umemlea vizuri sana. Sasa tutafanyaje?"

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Lakini ulipoingia ndani mimi nilibaki na lile neno lake. Kumbe simu ilikuwa nzima siku zote. Sauti uliifungia mwenyewe mbele ya watu wazima, kwa sababu ndivyo mtoto wa kike anavyolelewa kwetu. Ulipokuwa mdogo, ukimjibu mtu mzima huku unamtazama usoni, nilikuwa nakutazama mimi tu, unainamisha kichwa bila kuambiwa. Wageni walinisifu. Bibi yako kule Mpale alisema una haya, na kwake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa leo madamu anataka uyainue macho yale yale. Nitakwambia kweli, mwanangu, nilimwogopa yule madamu. Nilisema moyoni, mtoto wangu atapata kazi lakini atarudi hapa ananikodolea. Atampita bibi yake akiwa amesimama wima. Nikamwambia baba yako. Yeye akageuka upande wa pili wa mkeka akasema, "Mtoto hajapata hata hiyo kazi, wewe umeshaanza kumlilia tabia." Baba yako ana majibu yake.

Siku ya siku ikafika. Tulienda Korogwe, kwa mama mdogo Salma, maana kule Kilole mtandao hauchezi. Salma alikuwa ameandaa sebule kama ya posa. Ametundika shuka jipya ukutani nyuma ya kiti chako, amefukuza watoto wote wa mtaa, amemfungia mbuzi wa jirani kamba fupi. Mimi nikapewa mkeka mlangoni, mahali ambapo simu hainioni, nikaambiwa nikae kimya. Salma akasema, "Dada, hata kukohoa, kohoa moyoni."

Nyuso tatu zikatokea. Madamu, ambaye nilishangaa kumwona ni binti mdogo tu mwenye kilemba kizuri, mimi nilimtarajia askari. Kijana mmoja wa tai. Na mzee mmoja wa miwani, mnene, amekaa kama mwenye mali.

Ukaanza. Ulikuwa umechagua biashara yangu, maziwa mgando ya Chanika, na mpango wako ulikuwa mzuri, nilikuwa nimeusikia mara nyingi hadi naota. Kwamba mama yako hugandisha maziwa bila kujua kesho atakuja nani, siku nyingine yanabaki, siku nyingine wateja wanarudi na vyombo vitupu. Kwamba wateja wakiwekwa kwenye kundi moja la simu, wakaagiza siku moja kabla, mama atajua agandishe kiasi gani. Yote hayo ulikuwa unayajua. Lakini mbele ya yule mzee macho yakashuka, na maneno yakawa yanaanguka mapajani mwako.

"Hatukusikii," akasema kijana wa tai.

Ukaanza upya. Madamu akasema taratibu, "Mwanahawa, sauti." Ukaanza tena. Niliona mgongo wako unazidi kupinda, nikaukamata mkeka kwa mikono miwili.

Ndipo yule mzee akasogea karibu na kioo chake. "Binti, hebu tuache maziwa kidogo. Unatoka wapi?"

"Handeni," ukanong'ona.

"Mzigua?"

"Mama ni Mzigua. Baba ni Msambaa, wa Mpale."

Yule mzee akapiga makofi. "Ala! Mimi Mnyamwezi wa Tabora! Kumbe nimekaa hapa napoteza heshima yangu kwa mtani! Ndiyo maana hasemi. Wazigua hawa mdomo wanao wa kulia ugali tu!"

Mwanangu, naapa sikupanga. Utani ni kama kupiga chafya. Mama yangu aliupokea kwa mama yake, mtani akikutupia neno humwachii lipite. Nilijisikia tu nasema, tena kwa sauti ya sokoni, "Ugali upi huo? Si ule babu zenu walioumaliza hapa Uzigua walipokuwa wanapita na mizigo kichwani? Hata asante hawakusema, Mnyamwezi wewe!"

Salma alijifunika kanga uso mzima. Kijana wa tai alikuwa mdomo wazi. Na wewe ukanigeukia kwa macho ambayo sitayasahau, macho ya mtu aliyeona nyumba yake inaungua na mama yake ndiye ameshika kiberiti. Nikasema basi, nimemuua mtoto wangu.

Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyo aliyesema ni nani?"

Salma akazidi kuivuta kanga.

"Nimeuliza, nani huyo? Maana sauti hiyo ni ya mtu aliyeshiba."

Hapo ndipo, mwanangu. Hapo ndipo ulipoinua uso. Mbele ya mtani hakuna kuinamisha macho, hilo hata mtoto analijua. Ukamtazama mzee yule usoni kabisa, ukasema, na watu walioko barabarani nadhani walisikia, "Ni mama yangu, mtani! Na amesema kweli! Kwetu mgeni anakaribishwa, ila nyinyi mlikaribishwa mkahamia kwenye chungu!"

Mzee alicheka hadi kiti kikalia. "Haya, mshenzi wewe," akasema, "niuzie basi hayo maziwa yenu ya kichawi, nione."

Ukamwuzia. Ukaueleza mpango wako wote kuanzia mwanzo, bila kutazama karatasi. Kijana wa tai akakutega: je, wateja wasiojua kusoma? Ukamjibu pale pale, wataagiza kwa ujumbe wa sauti, mama yangu mwenyewe ndivyo atakavyotumia. Madamu akauliza habari ya maziwa kuharibika njiani, ukajibu. Mzee akauliza nani atamletea yeye Tabora, ukamwambia, "Utakuja kuyabeba mwenyewe, mtani, kubeba ndiyo fani ya kwenu." Na katikati ya kicheko chote hicho hukukosea jambo hata moja. Nilikuwa nakutazama mgongo tu. Ulikuwa umenyooka.

Simu ilipozimwa, Salma alitoa uso kwenye kanga akasema, "Dada, wewe ni wa kufungwa kamba pamoja na mbuzi."

Ndani ya basi la kurudi Chanika hukunisemesha hadi tukafika Michungwani. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kuomba radhi, nayapanga kichwani. Mara nikasikia unacheka peke yako, umeegemea dirisha. "Mkahamia kwenye chungu," ukasema. "Mama, nimelitoa wapi neno lile?" Nikakwambia, "Ni la bibi yako mzaa mama. Hujawahi hata kumwona."

Ujumbe wa kuchaguliwa ulipokuja ulikuwa unaanua nguo. Ulikimbia na shati la baba yako begani, ukanikumbatia na maziwa yakamwagika, wala sikujali. Mimi nikadhani ni utani uliokubeba. Wewe ukanikatalia, ukasema, "Hapana, mama. Wamenichagua kwa ule mpango. Wameandika kabisa. Wewe ulinifungua mdomo tu, yaliyotoka niliyasomea." Nilifurahi kukataliwa vile. Ni kweli uliyasomea. Niliziona siku zote zile, kivuli kinakuhama unahama nacho ndani ya kona ile ile, kigoda mkononi, unabishana na mtu wa Lindi kuhusu jedwali.

Na lile kundi la wateja unalijua, limekua. Wananitumia sauti, nami nawajibu kwa sauti. Yupo mmoja anaimba badala ya kuagiza.

Sasa nakuja kwenye lako.

Idd iliyopita, ulipopata likizo yako ya kwanza tangu kampuni ile ikuajiri, tulipanda Mpale kumwona bibi yako. Wewe hukujua, lakini njia nzima mimi nilikuwa na homa yangu. Nilikuwa nasema, leo nitajua kama yule madamu ameniibia mtoto. Tulipofika ukavua viatu, ukapiga goti chini kabisa kwenye vumbi, na gauni lako la sikukuu, macho chini: "Shikamoo, bibi." Bibi akakushika kichwa. Nikapumua.

Halafu ukainuka, ukaona dawa zake za presha ziko mezani hazijaguswa. Ukakaa karibu naye, ukamtazama usoni, ukamwambia, "Bibi, hapa umekosea. Dawa hizi haziachwi hata ukijisikia mzima." Nilitaka ardhi ipasuke. Hakuna mtu anayemwambia bibi yako kwamba amekosea, hata babu yako hakuthubutu! Bibi akazitazama zile dawa. Akakutazama. Kisha akasema, "Basi niletee maji." Akameza. Na uliporudi kazini aliniambia kwa Kishambaa chake, "Mjukuu wangu ananiheshimu kuliko nyinyi mnaonyamaza nikifa."

Mwanangu, unaniuliza utamwambiaje mtu mwenye mvi kwamba amekosea. Umeshamwambia mmoja, tena aliye mgumu kuliko wote, na yuko hai, jana alikuwa anapalilia.

Mimi nilikuwa naogopa kwamba kuna watoto wa aina mbili, mwenye adabu na mwenye kusema, na kwamba ukimpata mmoja unampoteza mwingine. Nimezeeka nikiogopa hivyo. Wewe umekuwa wote wawili ndani ya gauni moja. Kwa hiyo usimwache mmoja nyumbani uende kazini na mwingine.

Ukubali hiyo kazi. Asubuhi uingie ofisini, uwaamkie wazee wale mmoja mmoja, hata kama wewe ndiye mkubwa wao kwenye karatasi. Usimwite mtu mbele ya wenzake kumkosoa, mwite pembeni, umpe kiti. Kisha umtazame, umwambie. Atakayenuna, mwache anune, atameza. Na ukikosea wewe, wao nao wakwambie, uwasikilize kama ulivyomsikiliza yule kijana wa tai.

Nitaendelea kuwa na wasiwasi, hilo usinikataze, ndiyo kazi yangu na sina atakayenisimamia. Ule vizuri, wala siyo wali maharage kila siku. Salma anakusalimu, baba yako anakusalimu ingawa atasema hakusema.

Wapigie kesho, uwaambie ndiyo, kwa sauti.

Ni mimi mama yako,
Mama Mwanahawa, Chanika.